Debian 13 kwenye mashine za biti 32: saa imevuka 2038, programu zako je?

Kibali cha kuchimba kinachotolewa kwa miaka 25 chini ya sheria ya madini ya Kongo ya 2018 kinaisha baada ya 2038, hata kile kilichotolewa mwaka ule ule. Ofisi ya Lubumbashi inayopiga hesabu hizo kwenye mashine ya biti 32 ina kosa mezani leo. Ndiyo maana Debian 13, mfumo endeshi wa Linux uliotoka Agosti 2025, inastahili kupimwa kwa jambo hili moja.

Kiini chake kinajulikana: time_t (aina ya data inayoshika saa kwenye programu) ya biti 32 huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 na hufika mwisho kwenye 2,147,483,647. Kwa Lubumbashi hiyo ni tarehe 19 Januari 2038, saa 05:14:07 alfajiri (Kinshasa bado 04:14:07). Sekunde inayofuata, hesabu inakuwa hasi na kalenda inaangukia Desemba 1901.

Keneli (kiini) ya Linux ilikuwa tayari tangu toleo 5.6, mwaka 2020. glibc, maktaba ya msingi ya C, ilifuata kwenye 2.34, ila kwa sharti: kompaili (geuza msimbo kuwa programu) kwa -D_TIME_BITS=64 pamoja na -D_FILE_OFFSET_BITS=64. Ukiweka la kwanza peke yake, kompaila inakataa, na ni afadhali ikatae. Binari (programu iliyokwisha kukompailiwa) ya zamani inaendelea kuita clock_gettime ileile, ya kuuliza saa; mpya inapelekwa kwenye __clock_gettime64. Debian 13 imekompaili upya armhf nzima (toleo lake la ARM ya biti 32) kwa njia hii, na ndiyo sababu utaona majina ya vifurushi kama libssl3t64, t64 ikiwa ni saa ya biti 64.

Kwenye kibao cha ARMv7 kama Raspberry Pi 2, andika date -d @2147483648. Debian 13 inajibu 05:14:08 CAT (saa za Lubumbashi) bila wasiwasi. Hapo alama zote.

Tatizo linaanzia kwenye programu ulizokompaili mwenyewe. Kifurushi kimebadilishwa jina, lakini faili la maktaba ndani yake mara nyingi lina jina lilelile, kwa hiyo binari ya zamani inawaka kama kawaida, kisha inapeana na maktaba time_t ya baiti 4 mahali panaposubiriwa 8. Hakuna onyo lolote. Kompaili upya kila kitu kabla ya kuwasha huduma.

Chukua programu ya mizani ya malori inayoandika rekodi za baiti 8: 4 za saa, 4 za uzito. Ikikompailiwa upya, struct ileile (muundo wa rekodi kwenye msimbo) inakuwa baiti 16 kwenye ARM. Ikifungua faili la zamani, inameza rekodi mbili kwa mpigo na uzito unageuka kuwa sehemu ya juu ya saa. Lori linapimwa mwaka usioandikika. Dawa: tumia int64_t kwenye faili, andika kigeuzi kidogo kinachosoma int32_t, na nakili data kwanza. Kwenye printf, %ld haifai tena. Weka %lld na (long long) mbele ya thamani. -Wall itakuonyesha mistari yenyewe.

Kwa wenye Pentium za mitumba, habari ni mbaya: i386, toleo la Debian la mashine hizo, imeachwa na saa ya biti 32 ili programu za zamani zisivunjike, tena haina kisakinishi wala keneli yake. Usipoteze megabaiti zako kuitafuta.

Amri za last na lastlog, zinazoonyesha nani aliingia kwenye mashine na lini, nazo zimeondoka, kwa sababu mafaili yao yalibeba saa ya biti 32. Sakinisha wtmpdb na lastlog2. Kagua pia diski: tune2fs -l ikionyesha Inode size: 128, mfumo huo wa mafaili wa ext4 unakwama 2038. Ya 256 inafika 2446. Na kama hifadhidata ni MySQL, TIMESTAMP ina ukomo uleule, hamia DATETIME.

Ukitaka kujaribu saa halisi, chomoa kebo ya mtandao, zima saa ya mtandao kwa timedatectl set-ntp false, kisha date -s "2038-01-19 05:13:00" na uache dakika mbili zipite. Usiguse apt wakati huo: vyeti vya TLS (vya usalama wa mtandao) vitaonekana vimeisha. Raspberry Pi 2 haina betri ya saa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya jaribio, angalia date kabla ya kuamini rekodi yoyote.