Haluwa ya kuni, Mji wa Kale Mombasa

Kiwanda hiki hakina kibao. Ingia vichochoro vya Mji wa Kale asubuhi, ufuate harufu ya iliki na moshi hadi kwenye mlango uliojaa masizi. Mimi ni mteja tangu enzi za marehemu bibi aliponituma na sahani yake. Siku hizi anayekoroga ni mjukuu wa yule mzee aliyekuwa akinipimia.

Wiki iliyopita nilifuata kilo tatu za arusi ya binti wa dada yangu, nikakuta haijaipuliwa. "Kaa mwanangu, bado," ami anayesimamia sufuria akaniambia. Nikakaa karibu saa nzima. Wanga ulikuwa ushachujwa kwa kitambaa na kumiminwa kwenye sukari inayochemka, na tangu hapo ule mwiko, mrefu kama kafi, haukupumzika. Kijana akichoka, nduguye anaudaka. Wakisita tu, chini inashika na juu inafanya madonge. Samli nayo haimwagwi yote. Inatiwa upawa kwa upawa, haluwa inaimeza, inatiwa tena, mpaka inakataa na kuanza kuitema pembeni mwa sufuria ya shaba. Hapo ami akachota kidogo, akakisugua baina ya vidole viwili. Hakikumganda.

"Ipua."

Nimekula ya gesi na mashine, na sisemi ni mbaya, ila huninata menoni. Hii inakatika kwa kidole, inateleza ulimini, kisha zafarani na kungumanga zinakuja nyuma na kaharufu ka moshi. Ukiipata na kahawa chungu, basi tena. Shemeji yangu wa Muscat, ambaye hutuletea ya kwao yenye maji ya waridi na kujivuna nayo mwaka mzima, alikula hii akanyamaza.

Kero ninazo. Zamani ilifungwa kwenye vikapu vya ukili, sasa ni mikebe ya plastiki, tena wanaifunika ingali moto, ikatoka jasho. Nenda na bakuli lako. Lozi pia zimeadimika: katika nusu kilo nilihesabu saba. Na bei imepita ya maduka ya barabarani.

Usiitie kwenye friji, itakuwa jiwe. Ukitaka zaidi ya kilo mbili, agiza siku mbili kabla. Sufuria ikiisha, mlango unafungwa, hata kama wewe ni mjukuu wa bibi yupi.