Uzoefu wangu: sensa mbili za 1911, baba wa bibi nimempata, mama yake bado

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Namasagali, Uganda, kando ya Nile, mahali ambapo reli ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912 ilikuwa ikishusha mizigo ya Jinja ipakiwe kwenye meli za Ziwa Kyoga. Baba yake alikuwa Mwingereza, fundi wa mitambo ya meli. Mama yake alikuwa Mnubi wa mji wa Bombo, yaani wa jamii yetu ya Waislamu wa Uganda wenye asili ya askari wa Kisudani, na binti wa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Yule Mwingereza alirudi kwao bibi akiwa angali mtoto mchanga, na barua hazikuja. Alichomwachia binti yake ni jina la ukoo na jina la mji aliotoka, Barrow-in-Furness. Kwa vitu hivyo viwili nilianza kutafuta, na ninaandika haya kwa ajili ya familia za huku kwetu zenye hadithi ya namna hii, maana najua ni nyingi kuliko zinavyosemwa.

Huduma niliyoanza nayo ni FamilySearch. Ni tovuti ya bure ya kumbukumbu za ukoo, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na huhitaji kuwa muumini wao; mimi ni Mwislamu na nimeitumia bila kuulizwa lolote. Unafungua akaunti kwa barua pepe, basi. Kutafuta majina, simu ya kawaida inatosha, ila ukifika kwenye picha za nyaraka zenyewe tafuta kompyuta, la sivyo utaumiza macho. Na usitegemee jina peke yake. Walionakili sensa walisoma mwandiko wa watu wa zamani, na jina letu lilikuwa limenakiliwa kwa herufi ambazo nisingezikisia kamwe. Nilipoacha jina nikaweka mji wa kuzaliwa, umri na kazi, alijitokeza: mvulana katika sensa ya 1901, na kijana anayejifunza ufundi katika sensa ya 1911.

Nielezee kidogo ile ya 1911, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niheshimu jambo hili lote. Katika sensa za Uingereza zilizotangulia, kilichohifadhiwa ni vitabu vya makarani. Ya 1911 imehifadhiwa ile karatasi yenyewe aliyoijaza mwenye nyumba. Kwa hiyo nilichokuwa nikikitazama ni mwandiko wa babu yake bibi, mtu aliyekaa mezani kwake Aprili ile akaandika watu wake mmoja mmoja. Mwaka ule waliuliza pia kila mwanamke aliyeolewa amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamefariki. Ameandika tisa, sita, watatu. Bibi yangu alifariki akijiona mtu asiye na upande wa baba, kumbe alikuwa na mashangazi na baba zake wadogo watano. Nilimwita mama aje aione ile karatasi, akaomba nimsomee majina yote mara mbili.

Picha hiyo ya 1911 sikuipata bure mtandaoni. Ipo kwenye Findmypast na Ancestry, na huko unalipa, na kwa mtu anayehesabu shilingi za Uganda si kidogo. Lakini maktaba nyingi za umma Uingereza huwaruhusu wasomaji wao kutumia tovuti hizo bila malipo, na mpwa wangu anayeishi Leicester alikwenda maktaba akanitumia picha kwa WhatsApp. Kama una ndugu huko, mtume. Ni kazi ya mchana mmoja na atakushukuru, kwa sababu ukoo ni wake pia.

Baada ya hapo kuna mashimo ambayo ni vizuri kuyajua mapema. Sensa ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, miaka 100 ilipotimia. Ya 1931 ya Uingereza na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, na 1941 hawakuhesabu kwa sababu ya vita. Kilichopo ni Rejista ya 1939, iliyoandikwa vita vilipoanza ili watu wapewe vitambulisho. Humo nilimkuta tena, mtu mzima, fundi, ana mke. Chini yao kuna mistari miwili iliyofunikwa kwa weusi. Sheria yao hufunika jina la mtu aliyezaliwa chini ya miaka 100 iliyopita mpaka ithibitishwe kwamba amefariki. Huenda hao ni ndugu wa bibi yangu. Naikubali sheria hiyo ingawa inanichelewesha: aliye hai ana haki ya siri yake, na tarehe ya kufunguliwa inajulikana.

Sasa upande wa mama yake.

Mwaka huohuo wa 1911 Uganda nayo ilihesabiwa kwa mara ya kwanza. Himaya ileile, mfalme yuleyule. Zilipatikana roho karibu milioni 2 na nusu, kwa kupitia machifu, kwa shughuli za utawala. Mama wa bibi yangu alikuwa hai mwaka ule. Yumo ndani ya jumla ile na hakuna popote ninapoweza kuweka kidole niseme ni huyu. Ya 1921 na ya 1931 zilikuwa hivyohivyo. Sensa ya kwanza ya kitaalamu ni ya 1948, na nilitamani sana hiyo, kwa kuwa bibi alikuwa ameshaolewa na yuko Bombo. Nilikwenda kuuliza katika ofisi moja. Afisa alinipokea kwa heshima, akanionyesha vitabu vya majedwali: wilaya, kabila, umri, jinsia. Karatasi za kaya hakuna pa kuzisoma. Sensa za sasa nazo zina sheria ya siri, nami naikubali, lakini siri isiyo na siku ya mwisho ni sawa na kupotea. Marekani hufungua baada ya miaka 72, na ya 1950 waliifungua Aprili 2022 bure kabisa.

Jirani zangu wa kabila la Waganda (Baganda) wana afueni. Mwenye kutoka ukoo wa Kiganda anaweza kupanda kwa mdomo kutoka kwa baba hadi mwenye ukoo, na kama waliingia Ukristo mapema kuna vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa makuu ya Kampala, Namirembe la Waanglikana na Rubaga la Wakatoliki. Sisi Wanubi hatukubatizwa. Tulicho nacho ni jeshi. Kwa askari aliyefia vitani, tafuteni kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ambayo ni bure. Ila jueni kwamba wapagazi wengi wa vita vya 1914 hawakuandikwa kwa majina.

Tena kwetu jambo hili si la kumbukumbu tu. Katiba ya 1995 inamtambua raia wa kuzaliwa kwa kuangalia kama mzazi au babu na bibi yake ni wa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Wanubi tumo katika orodha hiyo, na nashukuru. Lakini mtu anapoulizwa babu zake walikuwa wapi mwaka 1926, sensa ya karibu ni ile ya 1921, ambayo haina jina la Mnubi hata mmoja wa kumwonyesha.

Sensa ya Mei 2024 ilifanywa kwa vishikwambi, watu milioni 45.9. Kuhifadhi hayo hakuhitaji ghala, wala mchwa hawawezi kuyala. Nawaomba wabunge waiwekee sheria: majina yahifadhiwe, yafungwe miaka 100, kisha yafunguliwe kwa wajukuu bila malipo. Tukumbuke sehemu kubwa ya sensa ya 1980 ilivyopotea katika vurugu zilizofuata.

Kwa kazi ya kutafuta Waingereza, FamilySearch naipa nyota tano bila kusita. Kwa mama wa bibi yangu imebaki kuuliza watu, na ndiko niliko sasa, kwa wazee wa Bombo. Kama familia yenu ilikaa Namasagali zama za meli, na ndani kuna kitabu cha mishahara, barua ya kazi au picha yenye majina nyuma, msitupe. Naomba nionyeshwe.