Chanjo ya mkanda wa jeshi: sindano sina ugomvi nayo, mapokezi ninao

Chanjo yenyewe sina ugomvi nayo, na nataka hilo lieleweke kabla sijafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilichanjwa Shingrix, ambayo hutolewa kwa dozi mbili, ya pili ikifuata baada ya miezi 2 hadi 6. Dozi ya kwanza ilinichosha kweli kweli: jioni ile ile mkono ulivimba na kuuma hata nikashindwa kuulalia, usiku homa ikapanda, na kesho yake nilishinda kitandani viungo vyote vikilalamika. Baada ya hapo yote yakaisha. Muuguzi alikuwa amenieleza mapema, kwa upole na kwa utaratibu, kwamba wengi hupata hali hiyo kwa siku mbili tatu mwili unapoanza kujenga kinga, kwa hiyo sikushtuka. Kama ningeandika wakati ule, ningekisifu kituo kile bila kusita.

Sikwenda kuchanjwa kwa kusukumwa na mtu. Dada yangu mkubwa aliwahi kuugua mkanda wa jeshi ubavuni, na malengelenge yalipokauka na magamba kubanduka, sote tulidhani amepona. Maumivu yalibaki. Kwa miezi mingi alikuwa akitembea ameshika gauni kwa ncha za vidole, analivuta mbele lisiguse ngozi, kwa sababu hata kitambaa laini kilimuunguza. Virusi vinavyoleta ugonjwa huu ni vile vile vya tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga haviondoki mwilini, hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, na kinga inapopungua kwa sababu ya umri huweza kuamka. Dawa za kuvipunguza nguvu zipo, lakini hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele ujitokeze, na dada yangu alipoandikiwa, muda huo ulikuwa umepita zamani. Niliposikia kwamba katika majaribio chanjo hii ilipunguza hatari ya kuugua kwa takriban asilimia 90, hata kwa watu waliovuka miaka 70, sikuhitaji kushawishiwa.

Muda wa dozi ya pili ulipofika, kituo kilisema chanjo imekwisha na kwamba nitapigiwa simu. Simu haikupigwa. Kila nilipouliza nilijibiwa nisubiri, nikasubiri, na hatimaye waliposema imefika, ile miezi 6 ilikuwa imekwisha kupita. Nilikwenda na binti yangu, ambaye alinisindikiza tu. Mhudumu wa mapokezi aliipokea kadi yangu ya chanjo kutoka mkononi mwangu, akaitupia jicho, akailaza mezani kifudifudi, kisha akamgeukia binti yangu.

“Mwambie mama amepitiliza. Ile ya kwanza haina kazi tena. Itabidi aanze upya, alipie zote mbili.”

Nilikuwa nimesimama mbele yake, nasikia vizuri, na akili zangu ninazo. Nikamjibu mwenyewe: “Mwanangu, mwenye kadi ni mimi, na walionichelewesha ni ninyi.” Hakuinua uso. “Dada, mweleweshe mama, watu wanasubiri.” Binti yangu alimwambia azungumze na mimi, naye akaisukuma kadi upande wetu na kumwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Alichosema hakikuwa kweli. Mwongozo kuhusu jambo hili haujifichi: mtu aliyepitiliza miezi 6 haanzi upya, hupewa dozi ya pili mara inapowezekana, na dozi ya kwanza inahesabiwa. Mhudumu ambaye halijui hilo angeweza kuingia chumba cha pili na kumuuliza muuguzi, ambaye mlango wake ulikuwa wazi muda wote ule. Kutojua ninaweza kukusamehe. Kumzungumzia mtu mzima kana kwamba ni mzigo ulioletwa na mwanawe, huku ukimtoza kwa kosa la kituo chako, ni jambo jingine kabisa.

Nimejitahidi kuwa wa haki. Pengine alikuwa amechoka, pengine alikuwa akifikiria chanjo nyingine zenye masharti yake, pengine hakuna aliyewahi kumfundisha. Ndiyo maana mwanzoni nilikusudia kuandika kwamba kituo ni kizuri, ila ukifika upite moja kwa moja kwa muuguzi na usisikilize la mapokezi.

Dozi ya pili nilichomwa mahali pengine. Muuguzi wa huko alisoma kadi mbele yangu, akaniuliza mimi kama dozi ya kwanza ilinipa mzio wowote, na kama nilikuwa na homa siku hiyo. Nilipomuuliza kuhusu kuchelewa, alisema tunaendelea tulipoishia. Akatoa kwenye friji vichupa viwili, akavuta maji ya kimoja na kuyaingiza kwenye unga wa kingine, akakitikisa taratibu mpaka unga ukayeyuka wote, akanichoma. Safari hii mkono uliuma tena na kichwa kikagonga usiku kucha, na ningeyapokea maumivu hayo mara nyingine kuliko kusimama tena mbele ya meza ile.

Basi ile kauli ya kwamba kituo ni kizuri naiondoa. Nilikuwa na mtu wa kunitafutia ukweli na uwezo wa kwenda kwingine. Wapo wazee waliosimama pale pale peke yao, wakaambiwa dozi ya kwanza imepotea, wakarudi nyumbani na nusu ya kinga wakiamini hawana namna, na huenda wasirudi tena kutafuta ya pili. Chanjo naipendekeza kwa kila aliyefikisha miaka 50, pamoja na homa yake yote. Kituo kile sikipendekezi kwa mtu yeyote, hata kwa ajili ya huyo muuguzi wake mwema aliyeketi ndani, mlango wazi, na hakutoka.