Picha za Maua ya Kichina Nilizonunua Bagamoyo

Miezi miwili iliyopita nilinunua katika duka moja la mapambo ya nyumba mjini Bagamoyo picha tatu za ukutani zenye maua ya Kichina, zilizochapwa kwenye turubai na kuwambwa juu ya fremu za mbao, kwa jumla ya shilingi 120,000.

Iliyonivuta kwanza ni picha ya peoni, ua ambalo muuzaji aliliita waridi na kunieleza kuwa ni ishara ya mapenzi. Sivyo. Kwa Wachina peoni ni ua la utajiri na heshima, na mji wa Luoyang unasifika kwa ua hilo hadi leo. Uchapaji wake ni mzuri kweli: petali zimesongamana tabaka juu ya tabaka, wekundu umekoza katikati na kufifia pembeni, na ukisogea karibu unaona hata mishipa ya majani.

Ya pili ina yungiyungi na samaki wawili, na maana yake imo katika matamshi. Jina mojawapo la yungiyungi kwa Kichina, lian, linatamkwa sawa na neno lenye maana ya kufululiza, na yu, yaani samaki, linatamkwa sawa na neno la ziada, hivyo picha nzima ni dua ya kuwa na akiba mwaka hata mwaka. Kwa kuwa yungiyungi na samaki ni nakshi za milango yetu ya zamani pia, na vyombo vya kauri vya Kichina vimepatikana hapo jirani katika magofu ya Kaole, picha hii haionekani ngeni hata kidogo sebuleni kwangu.

Ya tatu ni tawi la mplamu lenye maua. Ua la mplamu lina petali tano, na Wachina huzihusisha na baraka tano: umri mrefu, utajiri, afya, kupenda wema na mwisho mwema. Nilipoyahesabu maua ya tawi hilo niliona mawili yenye petali sita, kosa ambalo mchoraji anayejua anachokichora asingelifanya.

Dosari kubwa zaidi niliigundua baadaye. Peoni ni ua la majira ya machipuko, yungiyungi la kiangazi, na mplamu huchanua wakati wa baridi. Kwa desturi ya Kichina huwekwa pamoja na krisantemu, ua la majira ya majani kupukutika, ili mwaka utimie. Niliporudi kuuliza, muuzaji alikiri kwamba picha zilifika nne na krisantemu aliiuza peke yake. Ingefaa aniambie kabla ya kupokea fedha yangu, kwa maana picha hizi husomwa pamoja, nami nilidhani nimenunua seti kamili.

Kuhusu fremu, mbao zake ni za vumbi lililogandishwa kwa gundi, na hewa yetu ya chumvi imekwisha kuvimbisha pembe moja, huku pini za nyuma zikianza kushika kutu. Mnunuzi wa mwambao aombe mbao halisi, hata kwa kuongeza fedha, na asiitundike picha kwenye ukuta unaofukuta unyevu.

Muuzaji ameahidi kuniagizia krisantemu. Nimeiachia nafasi ukutani, kati ya yungiyungi na mplamu.