TAHADHARI: Muuza "vidonge vya kusafisha seli" yuko Mtwara, msimpe hata mia

Wana Mtwara, kuna mtu anazunguka Chikongola na Magomeni na begi la makopo ya vitamini. Ni tapeli, tena muuaji!

Kwangu aliletwa na mama mwenzetu wa kikoba. Ningemtilia shaka vipi? Kavaa koti jeupe, kamwamkia mjomba kwa adabu zote, kakaa mkekani. Mjomba mnamjua, sigara zake na presha yake, siyarudii.

Akaomba glasi ya maji. Akadondoshea ayodini, ile ya kuoshea vidonda, maji yakawa kama chai ya rangi. "Mzee, sumu ya sigara ndiyo hii, inakula seli zako." Akasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akamimina, akakoroga taratibu. Rangi yote ikapotea, maji safi, mbele ya macho yetu! Mjomba kashika kidevu, haongei. Nani angebisha? Pesa ya korosho ndiyo kwanza imeingia, akahesabu 180,000 akamkabidhi. Yule mshenzi akaongeza: aache vidonge vya presha, eti vinagombana na antioksidanti, yaani hivyo vidonge vyake vya kulinda seli.

Presha ikapanda, tukamkimbiza hospitali usiku.

Daktari akasoma kopo: vitamini C, vitamini E, beta-karotini (ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A). Ile ayodini, akasema, vitamini C huiondoa rangi popote pale, hakuna seli iliyosafishwa. Binti yangu kajaribu kwa ndimu nyumbani, rangi ikapotea vilevile! Na mabibo tunayaacha yaoze chini ya mikorosho, nayo yana vitamini C kushinda machungwa.

Lililonitoa machozi ni beta-karotini. Finland walifanya utafiti kwa wanaume wavutaji wapatao 29,000, majibu yakatoka 1994: waliopewa vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Marekani nao 1996 wakausimamisha utafiti kama huo kabla ya muda wake. Halafu huyu anamwona mzee ana sigara mkononi, anamuuzia hicho hicho! Hata hiyo anayoiita sumu, radikali huru, yaani chembe kali zinazoweza kuharibu seli, mwili wenyewe huzitumia kuua vijidudu.

Dalili zake: risiti hatoi. Kibali ukiuliza, kiko ofisini Dar. Kopo lina lebo juu ya lebo. Na akishasikia una dawa za hospitali anakwambia uziache, hapo mfukuzeni.

Mtu huyu afungwe, jamani. Arudishe pesa za wazee wote aliowapitia, kisha afungwe, na koti lile avuliwe hadharani. Minada ya korosho inaendelea, lazima atafuata pesa Newala na Tandahimba. Ndugu zetu wa huko, akiingia mtaani kwenu mpigieni mjumbe na polisi hapo hapo, na begi lake lisitoke.