Mtihani wa IELTS sina ugomvi nao, ugomvi wangu ni na yule kijana wa hedifoni

Nimejaribu kuisamehe hii kitu nimeshindwa, kila nikisema yameisha inanirudia usiku, kwa hivyo acha niandike itoke. Nilifanya IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, huko Mombasa, kituo sikitaji jina, na nyota nakipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu kapu la nyota halikubali sifuri.

Mimi ni nesi, nakaa Malindi, nataka kwenda Uingereza kama nusu ya wenzangu wodini wanavyotaka. Sasa wale NMC, wanaosajili manesi wa huko, hawana mchezo, wanataka bendi, yaani alama, 7 ya kusikiliza, 7 ya kusoma, 7 ya kuongea na 6.5 ya kuandika. Yaani unaweza kupata 9 tatu halafu moja ikakutoa. Watu wananiuliza "je, ulipasi?" Jamani IELTS haina kupasi wala kufeli, wanakupa namba tu kuanzia 0 mpaka 9, anayekupasisha ni yule unayempelekea hizo namba. Chuo hiki kitakwambia 6 yatosha, kile 6.5, sisi manesi ndio tumewekewa mlima.

Twende pale panapouma. Sehemu ya kusikiliza ina rekodi nne, maswali 40, kama nusu saa hivi, na kila rekodi inachezwa mara moja tu. MARA MOJA. Hurudishi nyuma, husimamishi, neno likipita limepita. Mwanzo wanakupa usikilize kidogo uone hedifoni inafanya kazi, na yangu ilifanya kazi vizuri tu, nkapandisha sauti, nkakaa sawa. Rekodi ya kwanza watu wawili wanaongea mambo ya kawaida, ya pili mtu mmoja anaeleza, zote mbili nilikwenda nazo bila tabu. Ya tatu ndiyo ile ya mambo ya masomo, watu wanajadiliana, huyu anapendekeza yule anakataa, sauti zinapishana, na ndipo hapo hedifoni ikaamua. Kwanza upande wa kushoto ukafa. Nkasema si kitu, kulia kupo. Mara kulia nako kukaanza kukwaruza kama redio ya jahazi inayotafuta stesheni, neno linakuja nusu, nusu nyingine huko huko.

Nkainua mkono. Maagizo yenyewe yanasema kifaa kikikusumbua inua mkono pale pale, usingoje. Yule kijana aliniona, wallahi aliniona, macho kwa macho, lakini akamaliza kwanza shughuli zake za mezani ndio akaja, tena taratibu. Nkamuonyesha hedifoni kwa kidole, sikufungua mdomo kwani wenzangu wako kwenye mtihani. Akainama akaniambia kwa sauti ya chini lakini si chini sana, maana jirani yangu aligeuka: "Madam, wenzako wote wanasikia, labda ni Kizungu ndicho kinachokupa shida. Endelea tu." Akenda zake.

Mimi wodini nimetukanwa na wagonjwa, nimetukanwa na jamaa za wagonjwa ambao hawajalala siku mbili, nimetupiwa hata sahani ya uji, na siku zote jibu huwa ninalo. Pale sikuwa nalo. Kwa sababu nikimjibu nakosa na hiyo nusu ya sauti iliyobaki. Ndio raha waliyo nayo watu wa aina hii, wanakutukana mahali ambapo huwezi kujibu.

Aliyeniokoa ni msimamizi mwengine, mama mmoja mtu mzima, sijui alionaje kutoka kule nyuma, akaja na hedifoni nyingine akanibadilishia bila hata kuniuliza. Mwenyezi Mungu amjaalie. Lakini kufika hapo rekodi ya nne ilikuwa ishaanza, na hiyo ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, muhadhara mtupu, haina hata pa kupumua katikati, nyingine wanakukatia kidogo usome maswali yanayofuata, hii inakwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Na sisi tunaofanya kwa kompyuta hatupewi zile dakika kumi za kunakili majibu wanazopewa wa karatasi, ni dakika mbili za kuangalia kisha skrini inaondoka.

Na baada ya hapo hakuna mapumziko. Watu wa Malindi wameniuliza sana hili. Ukitoka kusikiliza unaingia kusoma saa nzima, ukitoka kusoma unaingia kuandika saa nzima. Msalani unaweza kwenda kwa ruhusa lakini dakika zako zinahesabika ukiwa huko. Kwa hivyo hiyo chai ya asubuhi na mahamri na mbaazi punguza kidogo. Shangazi yangu wa Kisauni nilikolala alitaka kunishindilia, nkamwambia shangazi leo hapana.

Basi fikiria sasa unasoma kurasa ndefu za mambo usiyoyajua na huku kichwani unamjibu yule kijana. Aya ya kwanza niliisoma nikaimaliza na sikujua imesema nini. Nikarudi. Nikaisoma tena na huku nasema "Kizungu ndicho kinachonipa shida? Mimi? Mimi naandika ripoti za zamu kwa Kizungu tangu wewe uko shule!" Sijui nilivyojikusanya. Nafikiri ni mazoea ya kazi, mgonjwa akizidiwa huwezi kukaa ukalia.

Halafu kinachoniudhi zaidi ni kuwa huyu huyu ndiye aliyekuwa mlangoni asubuhi, na huko nako kila mtu akiuliza kitu jibu lake ni moja, "iko kwenye websaiti." Dada mmoja kavaa ninja ya kufunika uso anauliza kama ataambiwa aifunue mbele za wanaume, swali la heshima kabisa, anaambiwa websaiti. Yule mama tena ndiye aliyemchukua pembeni akamkagua faragha. Hijabu nilikaa nayo mtihani mzima hakuna aliyenigusa. Kijana mwengine ana kitambulisho na kopi ya pasipoti, websaiti. Sasa mimi nitawajibu hapa kwa kuwa yeye mdomo wake una kazi ya kutukana tu: nenda na pasipoti yenyewe, ile ile uliyojisajilia, si kopi si picha kwenye simu, na jina ulilojaza kwenye fomu liwe herufi kwa herufi kama la kwenye pasipoti. Sisi wa pwani hapa ndipo tunapokwama, huyu ni Mohamed kule ni Muhammad, jina la babu huku liko kule halipo. Tengeneza mapema. Simu na saa ya mkono vyote vinabaki nje, unapigwa picha, unachukuliwa alama ya kidole, maji unaingia nayo kwenye chupa isiyo na lebo. Mambo ya sekunde kumi kumwambia mtu, ingemgharimu nini?

Mengine mnayoniuliza kwenye simu nayamaliza hapa hapa maana nimechoka kupokea. Lafudhi yako ya Malindi haikupunguzii kitu, wanachotaka ni kukuelewa, usiende ukaanza kuvuta pua. Tahajia unahesabiwa, ukikosea herufi kwenye jibu la kusikiliza umekosa, lakini ya Kiingereza na ya Kimarekani zote wanakubali. Wakisema maneno yasizidi mawili ukaandika matatu umekosa hata kama jibu lenyewe ni hilo. Jibu baya halikatwi maksi kwa hivyo usiache pengo, bahatisha. Kwenye kuandika ile ya kwanza, ya kueleza grafu, ni maneno yasiyopungua 150 na ya pili, ya insha, 250 na hiyo ya pili ina uzito mara mbili, usimalize muda kwenye grafu. Majibu yanadumu miaka miwili. Na kuna Academic, ya mambo ya vyuo na taaluma, na General Training, ya mambo ya kawaida, sisi tunaojisajili NMC ni Academic, na kuna inayoitwa UKVI ambayo maswali ni yale yale ila ni ya mambo ya viza, muulize mwajiri au chuo chako kabla hujalipa. Msije mkaniambia sikusema.

Wale mnaoambiwa kuna mtu Mtwapa anauza bendi 7 tayari tayari, acheni. Vyuo na waajiri wanaingia kwenye mfumo wanaangalia wenyewe namba ya cheti. Pesa yako itakwenda na jina lako litaharibika.

Sasa niseme haki. Mchana ilikuwa kuongea, na hapo ndipo hii nyota moja inaponipa taabu. Nimeingia nikiwa bado nimevimba, nimeswali adhuhuri haraka haraka kwenye kona, nakuta mzee mmoja wa makamo, anatabasamu, ananiuliza jina langu nipendavyo niitwe. Ni dakika 11 mpaka 14 tu na zote zinarekodiwa. Mwanzo anakuuliza mambo yako, kwenu, kazi yako, kisha anakupa kadi yenye mada, una dakika moja ya kujiandaa na karatasi ya kuandikia, halafu unaongea peke yako mpaka dakika mbili, halafu mnajadiliana mambo mazito zaidi ya hiyo hiyo mada. Niliulizwa nini sisemi, hayo ni ya humo ndani. Lakini niliongea! Kuna mahali nilitaka kusema "sasa" likanitoka "allora", maana mtu wa Malindi Kitaliano kinakaa juu ya ulimi tangu utoto, yule mzee hata hakukunja uso, akangoja nimalize. Swali moja sikulishika nkamuomba arudie, akarudia kwa upole. Akanikata katikati mara moja, hiyo msiogope, anaangalia muda wake si kwamba umekosea. Nilitoka pale nikajiambia basi nyota tatu, labda hata nne, mtu mmoja asiniharibie.

Siku chache baadaye majibu yakatoka. Kusoma 7.5, pamoja na hasira zote zile. Kuandika 7. Kuongea 7.5. Kusikiliza 6.5.

Nusu bendi. Kwa makadirio yanayotolewa na wenyewe, kusikiliza majibu 30 sahihi kati ya 40 ndiyo 7, na 23 ndiyo 6, mimi nimeangukia katikati hapo. Rekodi moja ina maswali kumi. Fanya hesabu mwenyewe uniambie hizo chache nilizopungukiwa zilibaki wapi kama si ndani ya ile hedifoni.

Mtasema omba wasahihishe upya. Ipo, unaomba ndani ya wiki sita, unalipa, na bendi ikibadilika wanakurudishia pesa. Lakini watasahihisha nini? Wanaangalia nilichoandika, hawasikilizi kile nilichonyimwa. Cha maana ni kulalamika siku hiyo hiyo kabla hujatoka mlangoni, na nililalamika, yule mama aliniandikia akaniwekea saini. Jibu limekuja kwa imeili, limeandikwa vizuri sana, poleni kwa usumbufu, hedifoni ilijaribiwa mwanzo ikawa nzima, ilibadilishwa baada ya mtahiniwa kutoa taarifa, kwa maelezo zaidi tembelea websaiti. WEBSAITI. Nikacheka peke yangu zamu ya usiku mpaka mwenzangu akaniuliza kuna nini. Na la yule kijana alichoniambia hakuna hata mstari mmoja.

Kilichonituliza kidogo ni hili, na manesi wenzangu lishikeni maana wengi hawajui: NMC wanakubali kuunganisha majibu ya mitihani miwili ndani ya miezi 12, mradi zote mbili hakuna namba iliyoshuka zaidi ya nusu bendi chini ya wanayotaka. Kwa hivyo 6.5 yangu haijafa. Nikirudia nikapata 7 ya kusikiliza, na zingine zisianguke sana, nimevuka. Kuna mwenzangu ananishawishi nihamie OET, ule wa watu wa afya, unasikiliza mambo ya wagonjwa na unaandika barua ya rufaa, NMC nao wanaukubali, B kwa kusikiliza, kusoma na kuongea, C+ kwa kuandika. Anasema kwa nesi ni rahisi. Huenda. Lakini mimi hii IELTS nishaijua sura yake, na kusema kweli mtihani wenyewe ulikuwa wa haki, maswali yalikuwa ya haki, sikuonewa na karatasi, nilionewa na mtu.

Nimeshalipia tena. Kituo kile kile, ndio, chekeni, mwenzangu panda gari Malindi mpaka Nairobi usiku kucha kisha ukae usikilize rekodi nne tuone. Safari hii nitamuomba yule mama anikagulie hedifoni kabla sijakaa, pande zote mbili, na yule kijana akinisogelea na "Madam" yake nimemuandalia sentensi kamili ya Kizungu, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, ina maneno mengi kuliko mawili. Ile nyota moja basi naifanya mbili. Moja ni ya mama, moja ni ya mzee wa kuongea. Kituo chenyewe kijitafutie zake.