TAHADHARI: Anayeuza "habari za hisa kabla hazijatoka" hapa Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma, na ninyi wa Singida, Kondoa na Mpwapwa mnaoingizwa kwenye ile chaneli ya Telegram kila siku: msilipe. Mimi nimelipa. Shilingi 150,000 za mwezi wa kwanza, kisha 400,000 za kile anachokiita daraja la juu. Jina la mwenye chaneli silitaji kwa kuwa suala liko polisi, lakini nikieleza anavyofanya kazi mtamtambua.

Tulikutana kwenye mgahawa karibu na Nyerere Square. Akafungua kompyuta, mistari ya habari ikawa inashuka mfululizo, akasema ndio mtambo wanaotumia wakubwa wa New York, na kwamba habari za kampuni za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) zinamfikia dakika 20 kabla ya watu wote. Ushahidi ulikuwa chaneli yenyewe. Unapanda juu unakuta tangazo la benki kuhusu gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, kwake limeingia saa 3:20 asubuhi, kwenye tovuti ya soko saa 3:40. Ukiendelea kupanda unakuta mengine ya namna hiyohiyo. Niliamini.

Alhamisi moja niko dukani kwangu Sabasaba nahesabu vipuri, simu ikalia. Kioo kimefungwa, ujumbe unasomeka juu yake: "Habari nzito inakuja, kaeni mkao wa kula." Hakuna zaidi. Nikapiga picha ya skrini nimtumie shemeji yangu, maana naye alikuwa anataka kujiunga. Jioni nafungua chaneli, ujumbe ni uleule, saa ni ileile 4:07, lakini sasa una aya mbili za matokeo ya robo mwaka ya kampuni, matokeo yaliyotangazwa mchana! Pembeni ya saa kuna neno dogo sana linaloonyesha kuwa ujumbe umehaririwa. Telegram ukihariri ujumbe, saa ya mwanzo haibadiliki. Anatupa chambo asubuhi, anasubiri habari itoke bure kwa kila mtu, kisha anairudisha kwenye saa ya asubuhi. Nilirudi nyuma ujumbe kwa ujumbe, na kila alichojisifia kina alama hiyo. Jumbe za chambo ambazo hazikupata habari ya kuzijaza, nadhani alikuwa anazifuta.

Hasara yangu kubwa haikuwa ada. Jumatatu moja aliandika kwamba kampuni fulani imetangaza gawio nono, "nunua sasa hivi kabla umma haujajua". Nikampigia dalali wangu wa hisa, nikanunua. Baadaye nilipolisoma tangazo lenyewe la kampuni, nilikuta lina wiki kadhaa, na lina mstari ambao yeye aliuacha: tarehe ya kufungwa kwa daftari la wanahisa, ambapo asiyekuwemo hapati gawio hilo. Daftari lilikuwa limefungwa Ijumaa iliyotangulia. Gawio sikupata hata senti, na bei ikashuka kama inavyoshuka mara nyingi baada ya tarehe hiyo. Kuna mzee mstaafu wa Area C aliyenunua siku ileile kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Huyo ndiye aliyenifanya niandike.

Na hiyo kasi anayoiuza, hebu tuipime. Huko Marekani kompyuta husoma habari na kutuma oda ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na mtambo wa habari za masoko wa Bloomberg hulipiwa zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Hata hao huumia. Tarehe 23 Aprili 2013 akaunti ya Twitter ya shirika la habari la Associated Press ilidukuliwa, ikaandika kwamba kuna milipuko Ikulu ya Marekani na Rais Obama amejeruhiwa. Faharasa ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ikaporomoka pointi kama 140 ndani ya dakika chache, kisha ikarudi ilipobainika ni uongo. Sisi oda inapitia kwa dalali, na hisa nyingi za soko letu wanunuzi wake kwa siku ni wachache. Dakika 20 zingekusaidia nini ikiwa ukitaka kuuza unakaa foleni siku nzima?

Zaidi ya hapo, angekuwa kweli anapata habari za ndani ya kampuni kabla ya umma, kuzifanyia biashara ni kosa la jinai kwa sheria yetu ya masoko ya mitaji. Kwa hiyo ama anakudanganya, ama anakuingiza kwenye kesi.

Matangazo ya kampuni zilizoorodheshwa yako bure kwenye tovuti ya DSE. Yasome yenyewe mpaka mwisho, tafuta tarehe. Anayetoza fedha kukushauri uwekezaji anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na orodha ya wenye leseni iko wazi. Nilimwomba namba ya leseni. Aliniondoa kwenye chaneli usiku huohuo.

Kama na wewe ulilipa, usitoke na usigombane naye kwanza. Piga picha ya kila ujumbe ikionyesha saa na ile alama ya kuhaririwa, hifadhi SMS za muamala wa kumtumia fedha, ndipo uende polisi. Mimi nilitolewa nikiwa na picha sita tu.